Barua Iliyomtoa Kilonzo

Tulimzika Kilonzo Ijumaa mchana, na watu wote tuliofika tulitosha chini ya turubai moja. Nimewahi kuhudhuria mazishi ya walevi yaliyojaza watu kuliko yale. Mhubiri alisoma habari za marehemu kutoka karatasi moja: alivyozaliwa, alivyobatizwa, udereva wake, ndoa yake, binti yake mmoja, kisha akasema kwamba marehemu aliwahi kupata matatizo na serikali lakini Mungu akamtoa. Ndunge, huyo binti, alikuwa ameketi kando yangu. Akaninong'oneza, "Shangazi, hakutolewa na Mungu. Mama aliniambia kabla hajafa. Baba alijitoa mwenyewe, akamweka mwenzake." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Nilikuwa na nafasi ya kumjibu pale pale. Badala yake nilikunja leso yangu nikatazama jeneza likiteremshwa. Mimi ni nyanya sasa, sina mwajiri wa kunifuta kazi wala mume wa kumficha jambo, na bado nilinyamaza. Kwa hiyo naanza na mwaka ule alipotoka gerezani. Mengine ya maisha yangu yanaweza kungoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla vyama vingi havijaruhusiwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nina cheti chenye alama nzuri za Kiswahili ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Nilikuwa nikikaa mtaa wa Ziwani, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya chumba kimoja, kwa Mama Ndunge, mke wa Kilonzo. Mchana tulishona pamoja sokoni Gikomba, tukipunguza suruali za mitumba zilizokuja zimekatwa kwa ajili ya wanaume wenye matumbo makubwa kuliko wa kwetu. Jioni tulipika pamoja. Ndunge mwenyewe alikuwa mdogo, yuko kwa nyanya yake Ukambani. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba niliyoijenga baadaye. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na kitanda. Upande wa huku palikuwa na meza, viti viwili, jiko la makaa karibu na mlango, na godoro langu ambalo mchana tulilikunja likawa kiti cha wageni. Ukutani palikuwa na picha ya Kilonzo amesimama kando ya gari la kampuni moja ya mbegu, mkono mmoja juu ya boneti, anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona zaidi ya hapo. Nilipohamia pale alikuwa tayari ameshafungwa. Askari walikuwa wamelisimamisha gari lake njia ya Machakos, wakakuta chini ya magunia ya mbegu bunda la karatasi zinazodai vyama vingi na uchaguzi wa haki. Alipigwa siku nyingi ili aseme amepewa na nani. Hakusema. Kortini aliulizwa tena, akajibu kwamba amesahau, na hakimu akampa miaka mitano.

Kule kusahau ndiko kulikompa jina mtaani. Jumapili baada ya kanisa wanaume walikuwa wakija kumtazama Mama Ndunge: makarani, madereva, mmoja fundi wa viatu. Waliketi kwenye godoro langu wamebanana, wakala muthokoi yetu, yale mahindi yaliyotolewa maganda na kupikwa na maharagwe, wakanong'ona juu ya uhuru. Wote walikuwa na uhuru wao. Mmoja alitaka kunywa bia bila kugeuka kutazama ni nani ameketi nyuma. Mwingine alitaka mtoto wake aajiriwe bila kuulizwa kadi ya chama. "Mumeo ni mwanamume, mama," walimwambia wakiaga. "Wewe ni mama yetu sote." Mama Ndunge aliwashukuru akafunga mlango, akarudi kwenye karai la vyombo. "Hawa watu wa uhuru wanakula vizuri," alisema. Kisha siku moja akaniuliza, "Na wewe Nekesa, huo uhuru unautakia nini?" Nikasema nataka chumba changu mwenyewe, na ufunguo ambao hakuna mwingine anao. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nataka mtu wa kunikuna mgongo," alisema. "Hapa katikati, mkono wangu haufiki."

Kati ya wote waliokuja kulikuwa na mmoja asiyeongea juu ya uhuru hata kidogo. Huyo alikuwa Mulwa, mchongaji wa vinyago Gikomba, mtu wa kwao Kilonzo, mwenye unga wa mbao ndani ya nyusi. Alikuja Jumamosi na gunia la vipande vya mbao vya kuwashia jiko, pengine na samaki aliyefungwa kwa gazeti. Alikuwa akiniita "mwalimu" kwa sababu nilikuwa nasoma kila kipande cha gazeti kilichofunga kitu. Alikaa kidogo, akanywa chai bila kutazama ile picha ukutani, akaenda. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani anammezea mate Mama Ndunge.

Nikaja kuujua ukweli kwa sababu ya malaria. Siku hiyo sikwenda kazini. Nilikuwa nimelala kitandani nyuma ya pazia, nimejifunika blanketi mbili saa saba za mchana. Mama Ndunge alikuwa amerudi kunipa uji. Mulwa akabisha, akaingia, wala hakujua kama niko. Nilimsikia akivuta kiti.

"Mama Ndunge, zile karatasi zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyempa."

"Najua. Aliniambia nilipokwenda kumwona."

"Unajua? Na bado unanipa chai?"

"Nikupe nini?"

Akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kusikia mwanamume akilia, nilidhani anakohoa. "Nataka nikajisalimishe," alisema.

"Ukijisalimisha watamwachilia?"

"Sijui."

"Basi hutakwenda. Utakwenda wawe na wawili? Kaa huko kwako uchonge, uniletee kuni."

Alipoondoka, Mama Ndunge alifunua pazia. Nilikuwa nimefumba macho. Alisimama pale kidogo, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa, akaamini nimelala, au akaamua kuamini. Watu watatu duniani walijua zile karatasi zilitoka wapi. Kuanzia siku ile tulikuwa wanne, na yule wa nne hakuhesabiwa.

Miezi ya baridi ilipofika, Mama Ndunge alikwenda gerezani akarudi na sahani ya chakula vile vile alivyoibeba. Alikuwa ameruhusiwa kumwona mumewe, lakini si kumpa kitu. "Amekuwa mwepesi kama kifaranga," alisema. "Anakohoa na kutema damu, halafu ananiuliza habari za mvua." Hakulia. Alitoa daftari langu la shule lililokuwa na kurasa zimebaki, akaliweka mezani mbele yangu. "Wewe una Kiswahili. Andika barua ya kuomba msamaha. Mimi ndiye mke, mimi ndiye ninayeomba. Yeye asijue." Nikaandika. Nilijaza kurasa mbili, nikamwita mkubwa wa nchi baba wa wote, nikasema mume ni mgonjwa na mtoto ni mdogo, nikaomba huruma. Mama Ndunge aliisikiliza ikisomwa, akatia sahihi yake pole pole, herufi kwa herufi. Barua tukampelekea mwenyekiti wa chama wa mtaa, mzee mwenye koti la kahawia mvua na jua, ambaye alisema anajua mlango wa kuipitishia.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti alinikuta bombani nikingoja zamu yangu ya maji. Wanawake wawili waliokuwa mbele yangu waliacha kuongea.

"Wewe ndiye mwenye ule mwandiko?" aliniuliza, akanivuta kando.

"Ndiyo, mzee."

"Unaandika vizuri sana, mama. Lakini ile barua ni ya kulia tu. Kila mke analia. Hao wakubwa wana swali moja: dereva alipewa na nani? Andika hilo hata kwa mstari mmoja, nami wiki hii hii naipeleka kwa mkono wangu."

"Mimi sijui alipewa na nani."

Alitabasamu. "Chumba kimoja, pazia moja. Mtu atakosaje kujua?"

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kama nilifikiri sana. Ningependa kusema nilikonda, nilikataa chakula. Ukweli ni kwamba nilimaliza kujaza ndoo yangu, nikaibeba nyumbani, nikaandika barua mpya mchana ule ule kabla Mama Ndunge hajarudi. Nilikuwa namwonea huruma, hiyo ni kweli. Nilikuwa nimechoka na kikohozi cha mtu nisiyemjua kilichokuwa kikikaa nasi mezani. Lakini pia nilikuwa nimesifiwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia naandika vizuri tangu nitoke shule. Nikaandika hivi, na maneno haya sijayasahau: *Mume wangu hakuwa na nia mbaya, bali alipotoshwa na fundi mmoja wa kuchonga vinyago pale Gikomba, ambaye ndiye aliyemkabidhi karatasi hizo bila yeye kuelewa uzito wake.* Sikuandika jina. Nilijiambia kwamba wachongaji Gikomba ni wengi. Na nilijua, kama nijuavyo leo, kwamba wachongaji wa kwao Kilonzo, wanaoingia nyumba ile kila Jumamosi mbele ya macho ya mtaa mzima, walikuwa mmoja.

Jioni nilimsomea Mama Ndunge. Nilimwambia mwenyekiti anataka barua iandikwe upya, fupi zaidi. Alikuwa akisoma Biblia ya Kikamba kwa kidole, lakini mwandiko wa mkono ulimshinda. Nilipofika kwenye ule mstari, niliuruka. Sauti yangu haikutetemeka. Akatia sahihi herufi kwa herufi, akanikatia mimi kipande kikubwa cha ugali.

Mulwa alichukuliwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kibandani kwake, patasi ikiwa mkononi. Habari ilitufikia kwenye cherehani zetu kabla ya saa tano. Mama Ndunge aliinuka, akaketi tena. Jumatatu iliyofuata redio ilitangaza kwamba wafungwa kadhaa wamesamehewa baada ya kujutia makosa yao, na jina la tatu lilikuwa la Kilonzo. Jumanne akafika. Walimbeba kutoka barabarani hadi mlangoni, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakampigia sufuria. Tulipika chapati, akala nusu ya moja akatapika. Nilimtazama nikitafuta yule mtu wa pichani, nikaona mzee mwenye masikio makubwa. Aliuliza, "Mulwa yuko wapi?" Fundi wa viatu alisema, "Wamemchukua Alhamisi iliyopita." Nikaona wanaume wakitazamana juu ya sahani zao. Ilichukua muda ule tu. Kufikia machweo ya siku ya pili mtaa ulikuwa umeshajumlisha: mmoja ameingia, mmoja ametoka, na redio yenyewe imesema amejutia.

Jumapili hiyo hakuna aliyekuja kula muthokoi. Mama Ndunge aliipika nyingi kama kawaida, tukaila siku tatu. Kilonzo alikwenda kilabuni mara moja. Alipoketi, kila mtu mezani akakumbuka ana kazi mahali. Vijana waliokaa ukutani kando ya geti walimwita mtu wa polisi, wakamwimbia akipita, "Niaje, msee wa makarao! Leo unauza nani?" Kampuni ya mbegu haikumtaka, na wenye magari wengine walisikia habari zake kabla hajafika. Lakini hayo yote angeyamudu. Kilichomvunja kilikuwa ndani ya chumba. Mama Ndunge alijua kuwa siri ilikuwa ya watu watatu. Hakuwa ameitoa yeye, na Mulwa hakujisema mwenyewe. Alimpa mumewe chakula, alimfulia, alimchemshia majani ya kikohozi, yote akiwa amempa mgongo. Niliwasikia asubuhi moja nikiwa nje nawasha jiko.

"Niangalie," Kilonzo alisema. "Sikusema. Walinipiga sikusema, nije kusema wameshaacha kunipiga?"

"Sijakuuliza kitu, Baba Ndunge."

"Niulize basi!"

"Chai inapoa."

Nilisikia hayo, nikapuliza makaa.

Siku ya siku nilirudi mapema kutoka Gikomba, yapata saa tisa. Mama Ndunge alikuwa amebaki kumalizia suruali za mteja. Kilonzo alikuwa ameketi mezani na daftari langu. Alikuwa akitafuta karatasi ya kuandika ombi la kazi. Nilikuwa nimeandika ile barua ya pili kwanza kwenye daftari, kwa penseli, nikifuta na kurekebisha, ili nakala ya mwisho itoke safi. Sikuwa nimeing'oa. Sijui kwa nini sikuing'oa, nadhani niliipenda.

"Mwandiko wako ni mzuri," alisema. Nikasimama mlangoni. "Mke wangu alijua?"

"Hapana. Niliuruka ule mstari nikimsomea."

"Mulwa anajua?"

"Hapana."

"Nani alikutuma?"

Nikamweleza mwenyekiti, bomba, yote. Nikaanguka kwa magoti, nikasema nitakwenda kuwaambia watu, nitamwambia Mama Ndunge jioni ile. Nilisema hivyo, na ninaamini nilikuwa natumaini atanikataza. Alikohoa.

"Ukisema, wale vijana wa getini watakufanyia nini? Umeona wanavyowafanyia wezi." Akang'oa zile kurasa. "Na huyu mama. Ametia sahihi kwenye karatasi ya kumfunga Mulwa. Akijua hilo atalala tena? Mimi ameshanichukia, amezoea. Acha abaki na mtu mmoja wa kumchukia." Akazikunja, akainama mlangoni akaziingiza jikoni chini ya makaa. "Kule ndani nilikuwa nalala usingizi, unajua? Nilikuwa mtu. Walinipa sahani chafu, lakini walinipisha njia." Kisha akaniambia nimletee maji ya kunywa, nikamletea, na hatukuliongea tena mpaka alipokufa.

Mulwa hakumaliza hata miezi minne kifungoni. Mambo yalibadilika ghafla. Wakubwa walikubali vyama vingi, na wafungwa wa namna ile wakatolewa wote, kundi kwa kundi, bila barua ya mtu. Kilonzo naye angetoka nao. Angetoka amebebwa mabegani, na kilabu chote kingemgombania. Mulwa alirudi kibandani akiwa hasikii kwa sikio la kushoto. Nilipita pale, nikakazana nisimwangalie, akaniita. "Mwalimu! Bado unakaa kwa yule?" Nikasema nahama. "Hama," alisema, "nyumba ile si nzuri kwa mtoto mwema kama wewe." Mwisho wa mwaka nilipata chumba nyumba ya tatu kutoka pale, nikanunua kufuli. Wengine walikwenda kupiga kura na kuimba. Mimi nilipiga foleni ile ile ndefu, na mwanamke mmoja nyuma yangu alilia kwa furaha akaniegemea begani. Nilimwacha aniegemee. Kilonzo na mkewe walirudi Ukambani mwaka uliofuata, na wakaishi huko katika nyumba moja, wakiitana kwa adabu, mpaka Mama Ndunge alipofariki, akiamini alivyoamini.

Baada ya mazishi nilimpigia Ndunge simu nikamwambia yote. Aliuliza kama mama yake alikuja kujua. Nikasema hapana. Akakata. Tangu hapo hajapokea simu yangu.

Mulwa yuko hai. Anakaa mtaa wa Tena, kwa mwanawe wa kike, kwenye ghorofa ya pili, katika sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Nilimwendea wiki iliyopita. Alinifurahia, akaomba niletewe chai na mkate wa siagi, akanigeuzia sikio lake zuri. Nilimweleza toka mwanzo, kwa sauti kubwa kwa sababu ya lile sikio, hata mwanawe akatoka jikoni akasimama na kijiko mkononi. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu kwanza.

"Kilonzo alijua ni wewe?"

"Alijua. Mwaka ule ule."

"Alinisalimia mara moja stendi ya Machakos. Alivua kofia. Nikatema mate chini. Huyo mtu umemzika lini?"

"Ijumaa ya juzi."

"Na ungeweza kuja Alhamisi, nami nikaenda kumzika."

Nilikuwa nimejiandalia maelezo njiani, juu ya umri wangu wakati ule, juu ya homa, juu ya mwenyekiti na maneno yake matamu. Nilianza kuyatoa. Nikasema niliogopa, mzee, nilikuwa mtoto, niliogopa sana. Aliinua mkono nikaacha.

"Na mimi niliogopa. Kilonzo aliogopa. Walimpiga siku ngapi, hakunitaja. Mimi walinitaka majina tisa, nikawapa sikio." Akanisogelea aone uso wangu vizuri. "Wewe, mwalimu, nani alikupiga?"

Nikamwambia hakuna.

Akamgeukia mwanawe, akamwambia anifungulie mlango.